Wanasesere Waliogoma Kusimama

Tangu kiharusi kimwangushe mumewe, Reverien, shambani, Immakulata alikuwa akishona wanasesere ubavuni mwa kitanda chake. Alimgeuza Reverien, akamlisha uji, akamfuta. Akipata nafasi alirudi kwenye sindano. Vitambaa aliviomba kwa mafundi cherehani wa sokoni Kibondo, vile vipande vya vitenge ambavyo wangevitupa. Nywele alitengeneza kwa nyuzi za mgomba. Wanasesere wake wote walikuwa wanawake, na wote walikaa chini, miguu wameinyoosha, mikono mapajani.

Ildefonsi, kijana aliyekuwa akiandaa maonyesho ya kazi za mikono huko Kasulu, aliwaona kanisani akawapenda. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mama, nishonee waliosimama. Wenye mizigo kichwani, mtoto mgongoni. Wageni hupenda hivyo."

Immakulata alijaribu. Alishona mmoja mwenye mzigo wa kuni, na kila alipomsimamisha alianguka kifudifudi. Mwishowe alimtua zile kuni, akamkalisha na wenzake. Siku ilipofika, mgonjwa alimwachia wifi yake, Kezia, akapanda gari la Kasulu na mfuko wake.

Ukumbini, vitambaa vya kudarizi vilikuwa vimeshatundikwa ukutani, rangi zikiwaka. Ildefonsi alifungua mfuko, uso ukamshuka. Alichukua kijiti, akaanza kukipenyeza mgongoni mwa mwanasesere. Mshono ukaachia.

"Toa huo mti, mwanangu."

"Mama, bila mti hawasimami. Watu watawaonaje?"

"Basi wasionekane. Mtu ameshakaa, unamchokonoa mgongo ili iweje?"

Hakusema kwa hasira. Hasira nayo inataka nguvu, na yeye nguvu zilikuwa zimemwishia. Ildefonsi alichomoa kijiti, akawatandikia mkeka kwenye kona nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mwanga ulifika kwa kuchungulia. Immakulata akaushona upya ule mgongo, akavuta kigoda akakaa karibu nao.

Watu waliingia, wakapiga picha za vitambaa, wakatoka. Wachache waliotupa jicho kwenye kona walidhani ni vitu ambavyo bado havijapangwa. Mchana mvua ikashuka. Mwanamke mmoja akaingia mbio, kitenge kimemganda mwilini, mkononi ana chupa ya chai na mfuko wa dawa. Alitafuta kiti, hakukiona. Akauona mkeka. Akajikalisha katikati ya wanasesere, akaegemea ukuta, na kabla hajajifuta uso usingizi ukamchukua.

Ildefonsi alikuja upesi. "Mama, tumwamshe. Wageni rasmi wanaingia."

"Waingie. Yeye amewazuia nini?"

Wageni rasmi wakaja. Walimtazama yule mwanamke, wakawatazama wanasesere, na mmoja baada ya mwingine wakashusha sauti, kama watu waliokuta wenzao wakisali. Ildefonsi alibaki amesimama, kisha akakitoa mfukoni kile kijiti, akakitupa nje.

Mvua ilipokatika mwanamke akashtuka.

"Unisamehe, mama! Bwana yangu iko hospitali, pale Kabanga. Sijalala."

Aliitwa Consolée, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mjini alikuwa amefuata dawa. Alimwinua mwanasesere mmoja, akamgeuza huku na huku.

"Huyu anangojea nani?"

"Hamngojei mtu. Amechoka tu."

Consolée alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakabaki machozi matupu. Immakulata hakumnyamazisha. Consolée alipoinuka kwenda zake, Immakulata alimwambia amchukue yule mwanasesere.

Jioni Kezia akapiga simu. "Amekula, amelala. Lala huko huko, wifi, barabara itakuwa matope matupu."

"Ameniulizia?"

"Hapana. Hajakuulizia."

Neno hilo lilimuuma Immakulata. Halafu, huku akijionea haya, alihisi mabega yake yakilegea. Alikwenda stendi akamwambia kondakta asimsubiri. Palikuwa na mama ntilie hapo jirani. Akaagiza ugali na samaki wa migebuka. Alikula polepole, bila kutega sikio kama kuna anayemwita, na alipomaliza mtu mwingine akaja kuichukua sahani.