Kurasa Mbili za Kodiani

Mnukuzi wa chumba cha uchapaji cha chuo cha muziki, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza sauti zilizorekodiwa kuwa nota za karatasini, hakung'amua kwamba rekodi tatu alizoletewa zilikuwa wimbo mmoja, uliopigwa siku tatu, kila siku kwa njia yake. Alidhani mbili zilikuwa za kujaribu tu.

Aliyezileta, kwenye flashi, ni mwalimu wa kodiani. Miaka kumi na moja alifundisha chuoni hapo kwa mkataba wa muda, akipiga kinachomjia. Sasa utawala ulitaka kila mwalimu wa muda apimwe kwa nota zilizochapwa, kurasa zisizozidi mbili, atakayeshindwa, basi. Mnukuzi alichagua rekodi fupi kuliko zote, akayanyoosha mapigo yaliyochelewa, akachapa.

"Ndiyo mimi huyu?" mwalimu aliuliza, akizigeuza karatasi. "Umenikondesha, mdogo wangu."

Wakacheka.

Siku ya kupimwa, mnukuzi ndiye aliyewekwa amfunulie kurasa. Mwalimu alianza kama ilivyoandikwa. Kwenye mstari wa tatu vidole vilishika njia nyingine, na wimbo ukanenepa, hata fundi umeme aliyekuwa akipita akasimama mlangoni na ngazi yake begani. Mtahini alikuwa akitia alama kwa penseli.

"Makosa kumi na tisa," alisema.

"Nitakoseaje wimbo wangu mwenyewe?"

"Mwalimu, mimi naangalia karatasi." Akamgeukia mnukuzi. "Wewe ndiye uliyenukuu. Rekodi inasema hivi hivi?"

Alichokipiga mwalimu kilikuwamo katika rekodi ya pili, karibu chote. Mnukuzi sasa alilitambua hilo. Alijua pia kwamba mkataba wake mwenyewe ulikuwa mezani kwa mtahini huyo, ukingoja sahihi kabla ya Ijumaa. Mwalimu alimtazama bila wasiwasi, kama mtu anayemsubiri mwenzake avae viatu watoke.

"Hivi hivi, mzee," mnukuzi alimjibu mtahini.

Na kwa ile rekodi fupi, ukiacha mapigo aliyoyanyoosha, ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma: hapakuwa na uongo ambao mtu angeweza kumshika nao.

Mwalimu alikunja kodiani yake taratibu. "Haya, mimi dada yako nimesikia," alimwambia, akatoka.

Muhula uliofuata, kurasa zile mbili zilifanywa mtihani wa mwaka wa kwanza. Mnukuzi alizitoa nakala arobaini. Kwenye ratiba ya walimu, somo la kodiani lilikuwa na jina la mwalimu mwingine.