Baada ya Neno "Na"

Prisca alinikabidhi kitabu asubuhi bila hata kuzima injini ya gari.

"Babu Hosea, nitakipitia mchana nikienda Mbeya," alisema. "Vitabu vya marehemu tumekubaliana visigawanywe mpaka ndugu wote tukutane. Hiki nimekuibia wewe kwa nusu siku tu."

Akacheka, akageuza gari kurudi Tukuyu, ambako alikuwa akimalizia kufunga nyumba ya baba yake. Baba yake alikuwa mwalimu, rafiki yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwomba anitafutie kitabu hicho. Kumbe alikipata, akafa kabla ya kuniambia.

Ni kitabu chembamba cha kusomea watoto, kinaitwa *Ndama wa Hosea*. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikichunga ng'ombe wa baba kwenye vilima vya hapa Kyimo. Kaka zangu walipelekwa shule. Mimi kitindamimba nilipewa fimbo. Binamu yangu Erasto alipotoka shule alipita malishoni, na mapatano yetu yalikuwa kwamba mimi namchomea mahindi, yeye ananisomea. Siku ya kwanza aliweka ncha ya unyasi chini ya neno moja, akasema, "Hili ni wewe."

Nililitazama kama mtu anayetazamwa. Nikamnyang'anya unyasi, nikalitafuta tena ukurasa wa pili, nikalipata mwenyewe. Nikalitafuta wa tatu, nikalipata. Jioni hiyo ng'ombe walikuwa wamekula maharage ya watu, nikachapwa, na hata ile fimbo sikuisikia vizuri.

Hosea wa kitabuni anampenda ndama wake. Ndama anapotelea ng'ambo ya mto, naye anavuka kumfuata. Anampata. Wakati wa kurudi ukungu unashuka, kama huu wetu, wa kumnyima mtu hata vidole vyake. Kitabu cha Erasto kiliishia hapo, kwa sababu mjomba wake alikuwa amechana karatasi za mwisho kusokotea tumbaku. Maneno ya mwisho yalikuwa haya: "Hosea akajifunga kamba ya ndama mkononi, akatia mguu majini, na".

Na nini? Erasto hakujua. Mwalimu wao alikuwa amehamishwa, na kitabu kingine hakikupatikana.

Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye mke, katika madarasa ya kisomo cha jioni, chini ya taa ya karabai. Tangu hapo nimesoma vya siasa, vya kilimo, vya historia, na Biblia nimeimaliza zaidi ya mara moja. Lakini hakuna sentensi iliyonikaa kooni kama ile. Watoto wangu niliwatungia mwisho wa kwangu mimi: Hosea anavuka peke yake, ndama begani, na kijiji kizima kinamshangaa.

Sasa mwisho wa kweli ulikuwa mapajani pangu, nami sikuuona.

Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kunifunika tangu mwaka uliopita, na sikumwambia mtu. Niliweka kiti uani penye jua. Nikavaa miwani, nikaivua. Nikakisogeza kitabu, nikakirudisha. Mistari niliiona, ikiwa ya kijivu kama mvua ya mbali, lakini herufi zilikataa kuachana.

Mke wangu Tupokigwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi.

"Kitabu hakinuswi, Baba Emmanuel."

"Sinusi. Natafuta mwanga."

"Mwanga uko tele. Hata kuku wanauona."

Yeye alijua. Mtu anayekumiminia chai kila asubuhi na kukuona ukipapasa kikombe, humfichi kitu.

"Mpigie Prisca," akasema kwa sauti ya chini. "Aje mapema akusomee."

"Amsomee nani? Mimi? Mimi niliyewasomea wazee wa Kyimo barua za watoto wao?"

"Ndiyo, wewe."

"Afadhali ungenisomea wewe."

"Mimi sijui kusoma."

"Basi nyamaza."

"Haya. Leo tuko wawili."

Ilinichoma. Nilifunga kitabu kwa kishindo, halafu nikaogopa nisije nikakichana, nikakipapasa mgongo. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Prisca angefika, angeniuliza mwisho ulikuwaje, angekichukua, na ndugu zake wangekipeleka Dodoma au Dar es Salaam, kwenye kabati ambalo sitalifungua kamwe.

Ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Mama, mtoto amekataa kulala. Kama hicho kitabu kimepumzika, naomba nimsomee."

Ilikuwa ya Lilian, mke wa mwanangu Emmanuel. Emmanuel anafanya kazi mgodini upande wa Kiwira na kurudi mwisho wa wiki. Lilian ametoka Masoko, amemaliza kidato cha nne, na kwa jinsi tulivyolelewa sisi Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe wanakwepana. Haingii nilipo. Hanitazami usoni. Tukikutana njiani anaingia migombani mpaka nipite. Na jina langu halitoki kinywani mwake, hata likiwa ni la mtu mwingine. Wakristo wengi wamelegeza. Wako wanaokula meza moja na wakamwana wao na kutaniana. Tupokigwe hakulegeza. Yeye alimkwepa baba yangu mpaka siku tuliyomzika, na hakuona sababu ya kumpunguzia mwenzake.

Mjukuu wangu Nsajigwa alikuwa hajaota hata jino. Alichohitaji kulalia ni ziwa la mama yake. Kwa hiyo nilielewa mara moja kwamba jiko letu la mianzi lina nyufa, na kwamba Lilian alikuwa ameniona nikihangaika.

Damu ilinipanda. Nilikishika kitabu kwa mikono yote miwili.

Tupokigwe aliinuka, akajipangusa mikono, akasimama mbele yangu. "Kimepumzika?"

Nilisikia gari likipita barabarani. Halikuwa la Prisca. Lakini lililofuata lingeweza kuwa lake.

"Kimepumzika," nikasema.

Alikipeleka. Mimi nikakigeuza kiti, nikaupa ukuta wa jiko mgongo. Nikasikia Lilian akimpangusa mtoto pua, kurasa zikifunguliwa, kisha sauti yake safi, ya mtu aliyesoma mbele ya darasa.

"'Hapo zamani, kando ya mto, aliishi mtoto wa miaka minane aitwaye...'" Akakwama. "'...aitwaye Babu. Babu alimpenda sana mama yake. Kila asubuhi Babu alinawa uso, akanywa uji, akaenda kuchunga.'"

Tupokigwe alijiziba mdomo kwa kanga. Nilimsikia akizuia kicheko.

"Mwambie," nikasema, "huyo aliyeandikwa hapo si babu."

"Mama Nsajigwa, umesikia? Huyo si babu."

"Nimesikia, mama. Ila hapa nyumbani jina hilo ni la babu. Nitafanyaje?"

"Endelea hivyo hivyo," akasema Tupokigwe.

Akaendelea. Babu akapewa ndama. Babu akamwita ndama Kadoa. Babu akalia ndama alipougua. Mwanzoni kila "Babu" ilikuwa kama kokoto ndani ya wali. Nilikuwa nimengoja tangu utoto kulisikia jina lile tena katika sentensi zile, na sasa lilikuwa limeng'olewa kila mahali lilipopandwa. Lakini maneno mengine yote yalikuwepo. Niliyajua kabla hayajafika. Midomo yangu ilikwenda pamoja naye, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikanijia puani, na kidole cha Erasto chenye wino. Nikasahau kukasirika. Nikasahau hata saa.

Simu ikalia mfukoni.

"Babu, ndiyo natoka Tukuyu sasa hivi," akasema Prisca. "Kiweke tayari, nimechelewa mno. Sitashuka."

Kutoka Tukuyu mpaka kwetu si mbali. Jikoni ndama alikuwa bado hajapotea.

"Mwambie aruke!" nikamwambia Tupokigwe. "Aende mwisho."

"Mwisho upi?"

"Baada ya 'na'."

"Na nini?"

"Ndiyo hiyo hiyo! Na nini! Atafute alipotia mguu majini!"

"Mama Nsajigwa, ruka uende kwenye mguu."

Kurasa zikafunuliwa haraka. Mtoto akaanza kulia kweli sasa, Lilian akawa anamtikisa huku akitafuta, na mimi nikawa nimeinuka nusu, nimeshika mikono ya kiti. Kama ningegeuka na kuingia jikoni ningeupata ukurasa kwa vidole tu, naamini hivyo. Lakini sikuweza kuingia, na hata ningeingia nisingeuona.

"Nimepata," akasema Lilian. "'Babu akajifunga kamba ya ndama mkononi, akatia mguu majini, na...'"

Akafunua ukurasa.

"'...na maji yakamfika magotini. Hakuona mbele wala nyuma. Mto ulinguruma pande zote. Ng'ambo, mama yake alikuwa amesimama ukingoni na majirani. Aliita, Mwanangu! Mwanangu! Watoto wengine wa kijiji waliokuwa majini wakiwatafuta ng'ombe wao waliitika wote, kila mmoja akidhani ni mama yake. Basi mama akavuta pumzi, akaita...'"

Akakwama tena. Mtoto naye alikuwa amenyamaza.

"Akaita nini?" nikauliza, sikumbuki nilimwuliza nani.

"Mama," Lilian alisema polepole, "hapa siwezi kuweka Babu. Mama anamwita mwanawe jina lake. Akiitwa Babu hataitika, na wengine watachanganyikiwa. Na limeandikwa kubwa. Limejaza ukurasa wote."

"Asome tu," nikasema. "Nimemruhusu."

"Si la kwako kuruhusu," Tupokigwe akajibu.

"Mtu ni mimi, jina ni langu!"

"Jina ni lako, heshima ni yake. Leo unataka akutamke kwa sababu unataka hadithi, na kesho akipita mbele yako kichwa juu utasema hana adabu."

"Basi aliruke hilo jina aendelee."

"Nikiliruka, mama," Lilian akasema, "hakuna kinachoendelea. Mtoto bado amesimama majini."

Honi ililia barabarani, mara mbili, ile ya Prisca. Tukasikia gari likikata kona kuingia njia yetu. Nilijua Lilian angeweza kulitamka kwa kunong'ona, na nilijua asingefanya hivyo, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma yeye kuliko nilivyojionea mimi. Alikuwa amejitolea kwa hiari yake kunisaidia, na sasa alikuwa amesimama mahali pabaya, mtoto mkononi na kitabu mkononi.

"Acha," nikasema. "Mwambie aache. Inatosha."

Tupokigwe aliweka kisu chini. Nilimwona kama kivuli tu, akisimama katikati ya uwanja, akiutazama mgomba. Tangu tulipofunga ndoa hajawahi kuniita ila kwa jina la mwanawe. Kabla hajazaliwa Emmanuel aliniita "wewe". Alikaza kanga kiunoni, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya mwanamke anayemwita mtoto arudi kabla mvua haijafika.

"Hoseaaa!"

"Naam!" nikaitika.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe. Kuku walitawanyika.

Jikoni Lilian alichelewa kidogo, kisha akasoma kwa haraka, sauti ikimkwaruza kwa kicheko na machozi pamoja: "'Nipo hapa, mama! akajibu. Mama akasema, Simama hapo hapo, usisogee. Endelea kuitika. Majirani wakashikana mikono, wakaingia majini wakiifuata sauti yake, mpaka wa mwisho akamshika mkono. Wakamvuta, naye akamvuta ndama, wakatoka wote. Nyumbani mama alimpa uji wa moto, akamgombeza.' Basi. Imeisha, mama."

Nilikaa. Sitasema uongo, nilikasirika kidogo. Kwa hiyo hakuvuka. Alisimama tu kwenye maji baridi, akawa anaitika. Wangu alikuwa na ndama begani. Nikawaza mwisho wangu, nikawaza wa kitabu, na wangu ukaanza kuonekana kama uongo wa mtoto aliyechapwa.

Prisca alikuwa ameshashuka, ingawa alisema hatashuka. Alisimama langoni akitutazama: mimi nimeupa ukuta wa jiko mgongo, Tupokigwe katikati ya uwanja, maganda ya ndizi kila mahali.

"Kuna nini? Nimesikia mtu akipiga kelele."

"Hakuna kitu, mwanangu," Tupokigwe akasema. Aliingia jikoni, akatoka na kitabu, akakipangusa unga, akampa.

"Ndaga, mama," Prisca akashukuru, akanigeukia. "Haya babu, umemaliza kukisoma?"

Jibu nilikuwa nalo tayari tangu asubuhi. Nilikuwa nimelipanga: kwamba nimekimaliza mapema, kwamba lugha yake ni safi, kwamba vitabu vya siku hizi haviandikwi hivyo.

"Sikukisoma," nikasema. "Macho yangu hayaoni tena. Nimesomewa."

Prisca alisogea, akanitazama machoni kwa karibu, na safari hii sikuukwepesha uso.

"Umesomewa na nani, babu?"

Nyuma yangu, ndani ya jiko, Lilian alikuwa akimbembeleza mtoto.

"Na watu wa nyumbani kwangu," nikasema. "Tumefika mpaka mwisho."