Isale kwa Namba Kumi na Saba

Mektrida alikuwa na namba arobaini na moja, na mjukuu wake Monica alikuwa akihema kama mtu aliyepandisha mlima mbio na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tangu alfajiri walikuwa kwenye korido ya hospitali, Moshi mjini, miaka ile ya kuja na glovu zako na daftari lako la kuandikiwa dawa. Tabibu alikuwa mmoja. Mpaka saa sita mchana, namba kumi na sita ndiyo ilikuwa ndani.

Mbavu za mtoto zilianza kubonyea kila alipovuta pumzi. Mektrida alimkimbilia muuguzi.

“Sista, huyu hatafika jioni.”

Muuguzi alikuwa hajala wala hajaketi tangu aingie kazini. “Mama, nikipanga mimi, hawa watanila mbichi. Mwenye namba inayofuata akikuachia nafasi, ingia.”

Namba inayofuata! Mungu naye ana utani wake. Kumi na saba alikuwa nayo Sirili, jirani yake wa kule Mkuu, aliyejikata mguu kwa panga na sasa ulikuwa umevimba hadi gotini. Walikuja na basi moja bila kusalimiana. Ilikuwa miaka sita hawasalimiani, tangu Sirili aseme mbele ya ukoo kwamba Mektrida amehamisha masale, mimea inayopandwa mpakani, ili kujiongezea kihamba, shamba lake la migomba. Mektrida aliapa kwa Bikira Maria kwamba ni uongo. Haukuwa uongo.

Alimtazama mtoto. Mektrida maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alimkabidhi Monica kwa mama aliyekaa karibu, akatoka uani, akachuma jani moja refu la isale kwenye ua wa miti, akalifunga fundo kama wafanyavyo Wachagga wanaoomba msamaha.

Aliporudi amelishika kwa mikono miwili, korido ilinyamaza. Watu waliokuwa wakigombana tangu asubuhi nani kamtangulia nani walivuta miguu yao apite. Mzee mmoja alivua kofia. Hata muuguzi, mtu wa Lindi asiyejua mambo ya Wachagga, alisimama na sindano mkononi. Jani tu, la kuchuma bure, na watu hamsini kimya! Ukiletewa isale huwezi kukataa. Lakini na anayelileta hawezi kuendelea kudanganya.

Alipiga magoti mbele ya Sirili.

“Baba Wenseslaus.”

Sirili alilitazama jani, si yeye. “Mama Kornel, hilo ni la mtoto au la mpaka?”

“La vyote viwili.”

Alilipokea. Akampa namba yake, akachukua ya Mektrida. “Mwingize mtoto.”

Ndani, Monica aliwekewa oksijeni na kuchomwa sindano. Ilipita karibu saa nzima ndipo mbavu zikatulia, na Mektrida akalia kwa sauti bila kuona haya.

Alipotoka alimkuta Sirili kwenye benchi la mwisho, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, jani limechomekwa mfukoni mwa shati, jasho la homa likimtiririka. Huyu ndiye aliyemwita mwongo miaka sita. Mektrida hakuwahi kuogopa hasira zake. Siku ile aliuogopa wema wake.

Aliketi kando yake.

“Nilihamisha hatua tatu,” alisema.

“Nne,” Sirili akajibu, macho ameyafumba.

Mektrida akainamisha kichwa. “Nne.”