Moa Haijapata Habari

...Jumatatu tarehe nane Juni, saa moja na robo asubuhi, imeandikwa hapo kwenye kioo, ndipo mashine ya Moa, inayotunza majina ya wagonjwa wa kliniki, ilipowaka tena na kuungana na wenzake, hii yetu ya Tanga na ile ya Amani, na ndipo mume wangu aliporudi kwenye orodha ya walio hai, Mudathir, mgonjwa wa presha, yupo hapo na namba yake ya simu, kana kwamba sikukaa eda, kana kwamba jana sikuvua nguo zile nikaoga na kusema alhamdulillahi, kesho narudi kazini... na Godlisten, mwenzangu wa kazi, ananisogezea chai, anasema, "Dada Hafsa, ile mashine ya Moa ina tabia ya mjomba mlevi, inapotea miezi, ikirudi inakusimulia habari za mwaka jana, na ukibisha inakasirika," halafu anakumbuka habari yenyewe ni ya nani, anainamisha kichwa, anakoroga chai ambayo imeshakorogwa... maskini Godi, Mlutheri wa Lushoto, hana baya, radi iliipiga mashine ya Moa wiki ile ile ya msiba wetu, kifaa cha kubadili kikachelewa, na yeye hakunipigia simu hata mara moja, alimuuliza mzee Jumbe mlinzi, akaambiwa mwanamke aliye kwenye eda hapigiwi simu na mwanamume, basi akanyamaza, akaniheshimu miezi minne na siku zake, ningepokea, Godi, ningekaa nyuma ya pazia langu pale Chumbageni nikakwambia neno moja tu, kabla hujaiunga ifute kwanza, ianze upya, isome kutoka kwetu, maana mashine hizi tatu kila moja ina nakala ya kila mgonjwa, na mgonjwa akifariki hafutwi pale pale, inawekwa alama kwamba huyu ameondoka, alama inasafiri hadi zote tatu ziipate, zinapewa siku kumi za kupashana habari, kisha mafaili madogo madogo yanabanwa pamoja yawe moja, na katika kubanwa huko jina na alama yake vinatupwa vyote, nafasi inabaki kwa wengine, ndivyo diski inavyopumua... lakini Moa ilikuwa imezimika, haikupata alama, na sisi huku tulikwishabana, tukatupa jina na alama, kwa hiyo ilipoamka ikauliza, huyu Mudathir mbona hamnaye, nasi hatukuwa na hata alama ya kujibu, tukampokea kama mgeni mpya... "Wale marehemu wengine waliorudi nimeshawawekea alama upya," anasema Godlisten, "kliniki zimethibitisha, nimebakisha mmoja, nikasema nisimguse, ila diski, dada, imebaki kidogo sana, tusipobana kabla ya alasiri itagoma, na ujumbe wa jioni hautatoka," najua, Godi, hata usiponikumbusha najua, kuna mama wa Amani anasubiri kuambiwa dawa ya sukari imefika, kuna watu hai wanangoja mtu mmoja maiti awapishe... kidole changu kipo juu ya kitufe cha kuweka alama, kimekaa tu, chai inatoa mvuke... Tahiri alipiga kabla sijatoka kuja kazini, shemeji yangu, nimesali dhuha na bado nipo kwenye mswala, akasema, "Shemeji, mama kapata ujumbe," ujumbe gani, "wa kliniki, kwamba Mudathir afike kesho saa mbili aje na kadi yake," maana Mudathir mwenyewe ndiye aliyeandikisha namba ya mama yake pamoja na yake, kwa sababu alikuwa mvivu wa dawa, na mama huyo, bi Mwanamkasi, akamwambia, wewe utanidanganya, simu haitanidanganya... "kaamka, kapiga pasi kanzu ya Mudathir," anasema Tahiri, "kaitundika mlangoni, kasema leo Mudathir anakuja kulala ili kesho amsindikize, nimwambieje?" nami nikasema nipo kwenye nyiradi, nitakupigia... bi Mwanamkasi akili yake imeanza kuondoka tangu mfungo wa mwaka juzi, siku ya mazishi alikuwepo, alilia, alishikwa na wanawake wawili, na siku ya tatu akauliza, Mudathir mbona haji kula, wakamwambia, akalia upya kama hajawahi kusikia, kesho yake tena, mpaka Tahiri akasema basi, tunamuua huyu mzee kila siku, tuseme yuko Tanga kazini, na wote tukakubali, mimi nikakubali upesi kuliko wote... kila Ijumaa alinipigia, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, mumeo hajambo?" na mimi ndani ya nguo za eda nasema hajambo, mama, anakusalimu, na neno lile hajambo lilikuwa tamu mdomoni, nilikuwa nalingojea tangu Alhamisi, kwamba ipo nyumba moja duniani, kule Moa, ambako habari haijafika, na maadamu haijafika mahali pamoja basi haijatimia... "Mwambie usiku naamka kusali," alisema Ijumaa iliyopita, "namuombea afya, kila sala namuombea presha ishuke..." presha ishuke... subhanallah, nililisikia Ijumaa na sikulisikia, ndiyo kwanza linaniingia sasa hivi, hapa, mbele ya kioo, mama yake anamuombea afya, na aliye kaburini haombewi afya, anaombewa maghfira, anaombewa kaburi lipanuliwe, mimi namuombea, Tahiri anamuombea, mashehe walisoma hitima wakala wakaondoka, lakini dua ya mama, ile isiyo na pazia, miezi yote hii tumeipeleka kwenye nyumba aliyohama, inabisha hodi kwa mtu asiyekuwepo, na yeye huko aliko anaihitaji, nasi tuliita huruma, nami niliita heshima kwa mzee, kumbe nilikuwa namwekea mume wangu kiti mezani ili nisile peke yangu... "Kama ni nzito nitaweka mimi," anasema Godlisten taratibu, namwambia, "Hapana, Godi, ni yangu," na sauti yangu imetoka sawa, nimeshangaa... nitaweka alama, nitazingoja zote tatu zikubali, Amani, Tanga, Moa, ndipo nitabana, na ikifika mchana nitapanda bodaboda hadi stendi niende Moa mwenyewe, nikae naye mkekani, nimwambie mama, Mudathir ametangulia, naye atalia, kesho atasahau, nitamwambia tena, na Ijumaa tena, kila mara atasema inna lillahi kama ya kwanza, na kila mara dua yake itakuwa mbichi, hakuna maiti wa mji huu atakayeombewa hivyo... kidole bado kipo pale pale, kitufe bado hakijabonyea, Godlisten bado anakoroga, nje muuza mihogo anapita anaita, na mimi moyoni nimeanza, Mola wangu, huyu ni Mudathir mwana wa Mwanamkasi, msamehe aliyoyafanya na aliyoyaacha, mlaze pasipo na dhiki, mfikishie dua zote zilizopotea njia, na utukutanishe naye ukiwa radhi naye na sisi, amin.