Safu ya Pili

Tangu seremala aanguke kutoka juu ya paa akaumia ubongo, kaka yake mkubwa alijipa kazi ya kuandika daftari la hospitali. Daktari alitaka safu mbili: hasira za mgonjwa, na kilichozitangulia. Kaka huyo, shemeji wa mke wa seremala, akaijaza ya kwanza kwa mwandiko wa karani. Ya pili akaiacha nyeupe pee.

"Mgonjwa ni mgonjwa," alimwambia mke wa seremala. "Sababu za nini?"

Tusimwonee mtu. Mwanzoni mambo yalikuwa mazito kweli: seremala alirusha nyundo kisa chai imepoa, akalia, akasahau analilia nini. Vidonge vikamtuliza, mkewe akashukuru. Lakini aonjaye asali huchonga mzinga. Kila seremala alipomkatalia jambo, shemeji alikimbilia kwa daktari na daftari lake, na dozi ikapanda. Sasa mume wa watu anasinzia kwenye benchi, mate yanadondokea vumbi la mbao, na ukimuuliza lolote anajibu, "Sawa." Ukoo mzima ukatangaza amepona. Mkewe peke yake ndiye aliyemkosa, na ilimuuma, maana analala naye kitanda kimoja na hamuoni.

Siku ya kliniki shemeji alikuja na ombi: dozi iongezwe, mgonjwa kafoka tena. Hakujua kwamba mke ameshachukua penseli ya mumewe na kuijaza safu ya pili.

Daktari akasoma kwa sauti.

"Jumatatu, alifoka. Kilichotangulia: kaka alimchukulia randa yake bila kuomba. Alhamisi, alipiga meza. Kilichotangulia: kaka aliuza mbao zake. Jumapili, alimwita kaka yake mwizi. Kilichotangulia: soma Alhamisi."

Shemeji akakohoa. Daktari akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kumbe miezi mitatu nimekuwa nikitibu randa," alisema. "Tutapunguza dozi, pole pole. Na safu zote mbili zijazwe."

Wiki ya tano, chai ilipoa. Seremala aliitazama, na mkewe akaitupia jicho nyundo. Seremala akakisukuma kikombe kando, taratibu.

"Randa yangu iko wapi?" aliuliza.

Machozi yakamtoka mkewe. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamnong'oneza, "Leo amemeza dawa huyu?"

"Amemeza," alijibu mke. "Kalete randa."