Msiba wa Shiferaw

Katika mtaa mzima wa Wenz Dar, na mitaa jirani ukitaka, hapakuwa na mwanamke aliyejua kulia msibani kama Bogalech. Akianza yeye, hata mawe ya njiani yalitafuta leso. Ni kweli tupu, isipokuwa kwamba jicho lake la kushoto lilikaushwa zamani na moshi wa kuoka mikate ya injera, na la kulia lilitoa chozi pale tu alipomkumbuka mbuzi wake aliyegongwa na lori. Wengi waliozikwa kwa sauti yake walililiwa machozi ya mbuzi.

Jumamosi ile asubuhi alikuwa amechutama mbele ya bomba la mtaa, ndoo katikati ya magoti. Bomba lilikohoa, likatema kutu kidogo, likanyamaza. Nyuma yake foleni ya madumu ilifika hadi kwenye choo cha pamoja. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Ng'ambo ya mto nako walikatiwa maji kwanza, kisha umeme, kisha ikaja mashine ya kubomolea. Sasa ng'ambo ya mto kulikuwa na ukuta wa mabati uliochorwa maghorofa, na watu wa kwenye picha walikuwa wamekaa roshani wanakunywa kahawa, meno yote nje.

Zinash muuza bisi za shayiri akaja mbio, kapu lake kichwani.

"Etiye, imefika," akamwambia, kama mdogo amwambiavyo dada mkubwa.

"Nini?"

"Ya njano. Iko kwenye mdomo wa kichochoro. Dereva anakula mkate."

Bogalech akainuka taratibu, maana magoti yake hayakupenda habari za haraka. Kila mlango aliopita ulikuwa na alama ya rangi nyekundu, hata mlango wa banda la kuku la Gashe Mekuria.

"Si walisema hawatagusa kitu kabla ya kikao?" Zinash akauliza. "Si walisema Jumanne?"

Kikao hicho hawakukiokota njiani. Mwaka mzima walikikimbilia. Walipita nyumba kwa nyumba, walikusanya alama ya dole gumba ya kila mtu kwenye barua, walifukuzwa kwenye kila dirisha la manispaa. Mwisho wanawake wa Wenz Dar walikwenda na majiko yao hadi kwenye lango kubwa, wakatandaza majani mabichi chini, wakakaanga kahawa palepale. Kufikia kikombe cha tatu askari wa lango walikuwa wameshika vikombe, na mkubwa mmoja akateremka kutoka ghorofani kuuliza nani amewapa ruhusa. "Hakuna," Bogalech alimjibu, "ila kaa, chako kimeshamiminwa." Akakaa. Ndivyo kikao kilivyopatikana.

Walichotaka kilikuwa kifupi. Jengeni maghorofa yenu, lakini mtuachie vyumba humuhumu, kwa kodi ambayo muoka injera anaiweza. Hawakutaka vile vyumba vya kule basi linakogeukia, ambako fisi huanza kazi kabla ya walinzi. Hoteli zilizonunua injera ya Bogalech zilikuwa hapa. Kule angeuzia fisi. Mtaa ukamchagua yeye awe msemaji, na manispaa ikaandika jina moja tu, lake. Msemaji asipotokea, waliambiwa, itahesabiwa kwamba mtaa hauna la kusema.

Akasimama akaitazama mashine. Ilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote iliyokuja kuibomoa.

"Zinash, ng'ambo ya mto alipofariki yule fundi cherehani, mashine ilifanya nini?"

"Ilisubiri. Siku tatu zote. Dereva mwenyewe aliingia hemani akala ngano ya kuchemsha."

"Basi tunahitaji maiti."

Zinash akarudi nyuma hatua moja. "Usinitazame mimi, Etiye."

"Si lazima maiti awepo. Aliyefia mbali analiliwa bila jeneza. Kaka yako wa Jedda..."

"Mwache kaka yangu! Utamletea mkosi. Toa wa kwako."

Bogalech akafikiri. Kisha uso wake ukachangamka kwa namna isiyofaa kwa mjane.

"Shiferaw."

"Mumeo? Yule aliyekwenda Dire Dawa kununua spea za baiskeli?"

"Miaka thelathini bado anachagua. Leo kwa mara ya kwanza atatufaa."

Wakacheka, halafu wakaacha, kwa sababu injini ya mashine ilikuwa imewashwa.

Gashe Mekuria ndiye aliyekuwa mpiga baragumu wa chama cha maziko. Mtu akifa, yeye huzunguka vichochoro alfajiri akipuliza na kutaja jina, na kila mwanachama hutoka na kigoda chake. Hakuwahi kumpigia mtu aliye hai. Bogalech akasimama mlangoni kwake, netela, lile shuka lake jeupe la kujitanda, ameigeuza, ule upindo wa rangi umekaa shingoni kama wavaavyo wafiwa. Mekuria akaushika mlango.

"Nani?"

"Shiferaw wangu. Wamenipigia simu kutoka Dire Dawa."

Mzee akakaa kwenye kizingiti akalia. Shiferaw ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, walipokuwa vijana wenye suruali moja moja. Bogalech hakulitarajia hilo. Alitazama pembeni, akalihesabu kuwa deni lingine la Shiferaw.

Baragumu likalia juu ya mabati ya Wenz Dar jua likiwa limeshatoka. Kabla dereva hajaingiza gia, hema la chama lilikuwa limesimama katikati ya kichochoro, kamba zimefungwa kwenye kuta zenye alama nyekundu. Mabenchi yakaja. Masufuria makubwa yakaja. Bogalech akawekwa kwenye godoro, miguu mitupu, akaanza. Dereva akavua kofia, akazima injini.

Lakini hakuondoka. Jumapili nzima mashine ilikaa palepale, ndoo yake ya chuma imelala mbele ya hema kama mkono wa mtu anayesubiri chakula. Watoto walikatazwa kuikaribia. Ndani ya hema wazee walimkumbuka Shiferaw na kumsifu hadi mjane akachoka.

"Alikuwa mkarimu," mmoja akasema.

"Kwa wanawake, ndiyo," akasema mjane.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mfiwa mkuu hatoki hemani siku tatu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne asubuhi hema linashushwa, yeye ananawa uso, anakwenda kikaoni kusema aliyotumwa.

Jumatatu, jua la utosi, akaja Natnael, afisa ardhi wa wilaya. Alizaliwa humohumo, nyumba ya nne kutoka bombani. Mama yake alililiwa chini ya hema hilihili, na aliyeongoza kilio ni Bogalech. Aliwaacha polisi wawili nje, akainama, akagusa goti la mjane, akakaa kwenye benchi. Akapewa ngano na maharage ya kuchemsha mkononi, akala punje mojamoja.

"Pole, Emama. Alikuwa anaumwa nini?"

"Moyo," akasema Bogalech.

"Ini," akasema Zinash, papo hapo.

Natnael akatafuna.

"Moyo ulianza," akasema Bogalech, "ini likafuata."

"Hutokea." Akapangusa viganja. "Mimi nimewaeleza wakubwa kwamba mtaa una msiba. Nimewaombea radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu?"

"Ya kikao. Nimewaambia msemaji wao ni mjane, hawezi kutoka hemani. Wameelewa kabisa. Ni watu wanaoheshimu mila."

Mtu mmoja aliyekuwa anapuliza chai akabaki na mashavu yamejaa.

"Kikao ni kesho," akasema Bogalech.

"Kimebadilishwa. Ni leo, saa tisa." Akatazama saa yake bila haraka. "Usijisumbue, Emama. Wewe lia."

"Kimebadilishwa lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi wakati gani?"

Natnael akachagua punje nyingine kwenye sahani. "Baada ya baragumu."

Zinash akaruka. "Nitakwenda mimi!"

"Jina lililoandikwa ni moja, dada."

Bogalech hakusikia waliyojibizana baada ya hapo. Alikuwa anatazama mlango wa hema, na nje ya mlango ile ndoo ya chuma. Manispaa ilikuwa mabasi mawili na mwendo wa mguu. Akiondoka sasa hivi, atafika anahema, lakini atafika. Akikaa, kikao kimekwisha. Akitoka, msiba umekwisha. Chini ya benchi viatu vyake vilikuwa ubavu kwa ubavu, kamba zimelegezwa. Akavivuta kwa kisigino. Kwa mkono akaigeuza netela, upindo wa rangi ukarudi chini, kama wa mtu anayekwenda sokoni.

"Bogalech," akaita Gashe Mekuria kutoka kwenye benchi la wazee. "Unakwenda wapi?"

"Chooni."

"Na netela unaigeuzia choo?" akauliza Natnael, kwa upole mkubwa.

Mtu akacheka kidogo, akajuta. Natnael akasimama. Alipozungumza tena hakuzungumza na mjane. Sauti yake ilipita juu ya mabenchi, ikatoka nje kwa polisi na kwa dereva.

"Niulize tu mbele ya watu, tusije tukakosea. Emama, hapa nani amekufa?"

Zinash akainamisha uso kwenye magoti. Gashe Mekuria alikuwa ameinuka, baragumu amelikumbatia kifuani, macho bado mekundu tangu Jumamosi.

"Mwambie," akasema. "Mwambie, Bogalech. Mimi nililia."

Kule nje dereva alivaa kofia yake, na injini ikawaka.

"Mume wangu," akasema Bogalech. Kiatu cha kwanza kilikuwa kimeshafungwa. Vidole vyake vilikuwa kwenye kamba za cha pili.