Sauti Kwenye Mdomo wa Pampu

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Spana, mtunza pampu ya kijiji, alifungua kufuli, akapaka grisi kwenye mnyororo wa ndani, akashika mpini na kuanza kusukuma. Mara ya nane maji yakaja, na pamoja nayo ikaja sauti ya mwalimu mstaafu akikohoa na kuyalaani magoti yake.

"Mwalimu leo kawahi," alisema wifi wa Mama Spana, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Jana kala maharage yote peke yake, atakosaje kuwahi?" akadakia mke wa mwalimu kutoka nyuma, na foleni nzima ikacheka.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amechuchumaa kwenye choo cha jumuiya, nyuma ya ua wa mwenyekiti wa kijiji. Tangu mvua zianze, kila lililosemwa ndani ya choo kile lilitokea kwenye mdomo wa pampu, neno kwa neno, likichuruzika na maji. Watu walishazoea. Wenye siri zao walinyamaza wakifika mlangoni. Aliyefaidika kuliko wote ni mwenyekiti: kipaza sauti chake kilikuwa kimekufa, basi akiwa na tangazo aliingia chooni, akabana komeo na kuita mkutano, na waliokuwa kwenye foleni wakapeleka habari majumbani pamoja na ndoo zao.

Mama Spana hakucheka. Roho yake ilikuwa juujuu tangu siku ya kwanza. Alijua sauti zilipitia wapi, na alijua kwamba sauti haisafiri peke yake.

Siku ya kupima mahali pa kuchimba kisima, yeye ndiye aliyeshika ncha ya futi kamba pale chooni. Fundi mchimbaji alishika upande wa pili, ilipo pampu leo, kwa sababu mwenyekiti alitaka maji yawe karibu na mlango wake. Katikati palikuwa na ua wa mwenyekiti na matuta ya mboga ya mkewe, na mwanamke yule si mtu wa kumkanyagia mboga hata kidogo. Basi kamba ikazungushwa. Ikafuata njia wanayopita watu, ikapinda kona ya ua, ikapinda tena. Fundi akasoma: mita thelathini na moja. Kati ya choo na kisima zilitakiwa zisipungue thelathini. Mama Spana aliiona kamba ilivyopinda, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Yeye ni nani hata amfundishe kazi mtu mwenye kofia ngumu? Baada ya sauti kuanza alikwenda kupima tena, mwenye mboga akiwa sokoni, akapita katikati ya matuta bila kupinda. Zikaja mita kumi na moja.

Wiki ya pili ya mvua watoto walianza kuharisha. Wawili walizikwa. Hapo Mama Spana akasema yote mbele ya kamati ya maji, na bwana afya akaitwa.

Bwana afya alikuja na gari, fomu na chupa yake ya maji. Alisukuma pampu mwenyewe. Maji yakatoka, na sauti ya dereva wake, aliyekuwa ameomba kuonyeshwa choo, ikatoka pia, ikimwambia mtu kwenye simu kwamba bosi wake ni mzigo. Bwana afya alisikiliza mpaka mwisho, akaandika: *Pampu inafanya kazi.*

"Pima moja kwa moja, bwana mkubwa," Mama Spana alisihi. "Sauti inafika. Na uchafu unafika."

"Fomu hii haina sehemu ya sauti, mama. Ina sehemu ya umbali, na umbali umeshajazwa. Kamba alishika nani?"

"Mimi."

"Sasa unajikana mwenyewe?"

Mwenyekiti akaingilia. Pampu ikifungwa watu watakunywa nini, na mto uko mwendo wa saa mbili? Na choo kikifungwa, warudi vichakani? Bwana afya alitia sahihi, akamwita dereva, wakaondoka.

Alhamisi iliyofuata, kitindamimba wa Mama Spana, msichana wa miaka sita mwenye maneno kama redio, aliamka hana neno. Hadi saa nne alikuwa amekimbizwa chooni mara tano na macho yameingia ndani. Mama yake alimwacha na bibi, akaenda mbio zahanati. Muuguzi akampa pakiti tatu za unga wa chumvi na sukari.

"Changanya na maji safi, lita moja kila pakiti. Chemsha kwanza."

"Kuni zimelowa wiki nzima, dada. Maji safi nitayatoa wapi?"

"Si mna pampu?" alisema muuguzi.

Pale pampuni foleni ilikuwa ndefu. Msichana mmoja alikuwa akisukuma, na kilichotoka kilikuwa kilio chembamba, kisha sauti ya bibi: "Pole mjukuu wangu, pole." Mama Spana alikitambua kilio cha mwanawe. Aliogopa kuisikia sauti ile, na aliogopa zaidi isije ikakatika.

"Bibi, mama yuko wapi?"

"Kafuata maji, mama. Anakuja sasa hivi."

"Mwambie nina kiu."

Msichana aliyekuwa akisukuma aliachia mpini. Ndoo zilivutwa kando moja baada ya nyingine, bila mtu kuamrisha.

"Pita, wifi yangu," alisema wifi yake.

Mama Spana aliinama kwenye mdomo wa pampu. "Nakuja, mwanangu," alisema, ingawa alijua kwamba sauti hazirudi upande ule. Akasukuma. Maji yalitoka meupe, ukiona hadi kitako cha ndoo, na yalipokuwa yakijaa mtoto aliendelea kumwita.

Nyumbani alipasua pakiti kwa meno, akamimina unga kwenye jagi la maji yale ya pampu, akakoroga. Bibi aliingia na mtoto mgongoni. Mtoto alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kwa pupa hadi tone la mwisho, akaomba kingine. Mama yake akamjazia.